Jean-Bosco Mwenda, gitare ya vidole viwili

Wandugu wachimbaji wa Kasongo na Kabambare, mama na vijana, leo tukumbuke mutu moja mwenye wazee wetu walisikiaka gitare yake ku redio: Jean-Bosco Mwenda, ao Mwenda wa Bayeke.

Alizaliwa mwaka wa 1930 kule Bunkeya, Katanga, muji wa mfalme Msiri. Bayeke walitoka upande wa Tanzania ya leo, na Kiswahili kilifika kwao na misafara ya biashara, sawa vile kilifika hapa Kasongo. Njo maana nyimbo zake nyingi tunazisikia bila mukalimani.

Bosco hakuanza na mikono mitupu. Alichukua nyimbo za kwao, akasikiliza sahani za Cuba, akatazama filme za macowboy wa Marekani. Yote aliiunganisha na vidole viwili tu: kidole gumba kinashika sauti ya chini, kile cha pili kinaimba juu. Ukisikia mara ya kwanza, unazani wapiga gitare ni wawili.

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, muzungu mwenye kukusanya muziki wa Afrika, alimukuta Jadotville, Likasi ya leo, akarekodi wimbo wake Masanga. Sahani ikaenda mbali. Mwisho wa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi kutangaza dawa ya kichwa, Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alipiga huko, na vijana wa Kenya wakajifunza ule mtindo. Mwaka wa 1969 akapiga Newport, Marekani, katika inchi ya wale macowboy. Baadaye John Low, mupiga gitare wa Uingereza, alifunga safari mpaka Shaba kujifunza kwake.

Alifanyaka pia kazi ya biro na biashara ya hoteli. Alikufa Septemba 1990, kwa aksida ya gari kule Zambia.

Leo wapiga gitare wa Ulaya wanapiga Masanga na wanataja jina lake. Hiyo njo haki. Sisi tunajua vile kitu kinatokaka mu mikono yetu, kinavuka mupaka, na hakuna mwenye kuuliza nani alikichimba. Wimbo wa Bosco ulivuka na jina lake.

Basi kijana wa Salamabila, ukiimba wimbo wa zamani ku telefone, taja mwenye alikufundisha. Na wazee wenye wangali na nyimbo za mashimo, tuwarekodi sasa, mbele hawajaenda nazo.