Mtu Aliyeipisha Miti

Mtu akinunua ploti siku hizi, jambo la kwanza huwa ni nini? Panga na shoka! Miti yote chini, kisha ua wa mabati. Leo nawasimulia habari za mtu aliyeyakataa mambo hayo.

Walter Burley Griffin alizaliwa mwaka wa 1876 katika jimbo la Illinois, Marekani. Alisomea uchoraji wa majengo, akahitimu mwaka wa 1899. Mwaka wa 1911 alimwoa Marion Mahony, bingwa wa kazi hiyo hiyo. Mwaka uliofuata, mpango wake, uliochorwa kwa mkono wa Marion, ulishinda mashindano ya kubuni Canberra, mji mkuu wa Australia. Wakahamia huko. Lakini Griffin alivutana sana na maofisa wa serikali, na mwishoni mwa 1920 akaiacha kazi hiyo.

Je, alikata tamaa? Hata! Mwaka wa 1921 kampuni aliyoianzisha na wenzake ilinunua ekari 650 za msitu na majabali kando ya mkono wa bahari, jijini Sydney. Mtaa wa kwanza aliuita Castlecrag. Barabara zake zilizunguka kufuata umbo la kilima. Nyumba zilikuwa fupi, nyingine za mawe ya papo hapo, zenye paa bapa ili jirani wa juu asizibiwe bahari. Ramani ya kila nyumba ilibidi kwanza ikubaliwe na Griffin. Ua hakuutaka. Kati ya nyumba aliacha vijia na misitu ya watu wote, na palipoharibiwa akapanda miti ya asili.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini viwanja hivyo havikujiuza. Watu waliziona nyumba zile kama vituko, nazo benki zikasita kukopesha. Hali ngumu ya miaka ya 1930 ikaja kumaliza kabisa. Nyumba alizojenga hapo hazikufika 20. Mwaka wa 1935 alikwenda India kuchora maktaba ya Chuo Kikuu cha Lucknow, na huko akafariki Februari 1937, akiwa na miaka 60. Alizikwa huko huko, mbali na msitu wake.

Hata hivyo, miti ya Castlecrag ingalipo hadi leo, na watu wanaishi katikati yake. Basi ndugu zangu, kuukata mti ni kazi ya dakika. Kuukuza ni kazi ya miaka. Kesho ukijaliwa kupata ploti yako, kabla hujashika shoka, je, utaupisha mti au mti utakupisha wewe?