John William Lambert

John William Lambert (29 Januari 1860 – 20 Mei 1952) alikuwa mvumbuzi na mwenye kiwanda cha magari nchini Marekani. Mwaka 1891, katika mji mdogo wa Ohio City, jimbo la Ohio, aliunda na kuendesha gari la magurudumu matatu lenye injini ya petroli. Wanahistoria kadhaa hulihesabu gari hilo kuwa la kwanza la petroli lililofanya kazi nchini humo.

Lambert anajulikana pia kwa mtambo wa msuguano, yaani mtambo wa kubadilisha mwendo wa gari bila kutumia gia zenye meno. Aliutumia katika magari ya kiwanda chake kuanzia mwaka 1902 hadi 1917. Katika uhai wake sifa ya kuwa wa kwanza ilikwenda kwa wengine, kwa sehemu kwa sababu yeye mwenyewe alikubali kukaa kimya.

Maisha ya awali

Lambert alizaliwa karibu na Mechanicsburg, katika jimbo la Ohio. Alikulia katika familia iliyojishughulisha na utengenezaji wa vifaa vya kilimo, na tangu ujana wake alipenda mashine.

Alipokuwa na umri wa miaka 16, mwaka 1876, Nikolaus Otto wa Ujerumani aliunda injini yake ya mipigo minne. Miaka iliyofuata injini za namna hiyo zilianza kuonekana katika karakana za Marekani. Zilikuwa nzito, zilifungwa sakafuni na zilitumia gesi. Lambert aliona kwamba injini ikiweza kupunguzwa uzito na kutumia mafuta yanayobebeka kwenye tangi, ingeweza kukokota kigari bila farasi. Wazo hilo hakuliacha tena.

Baadaye alihamia Ohio City, akawa mfanyabiashara. Alimiliki duka la vifaa, ghala la nafaka na majengo mengine mjini hapo. Mapato ya biashara hizo ndiyo yaliyomwezesha kufanya majaribio yake bila kutegemea wakopeshaji.

Gari la mwaka 1891

Gari la Lambert lilikuwa na injini ya silinda moja, gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Mwanzoni mwa mwaka 1891 alitoa karatasi za matangazo akilinadi kwa dola 550. Watu waliandika barua kuuliza habari zake, lakini hakupatikana mnunuzi hata mmoja. Kwa wakulima na wafanyabiashara wa wakati huo farasi mzuri alipatikana kwa bei ndogo zaidi, na hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mashine ile ingerudi nyumbani baada ya kutoka.

Mwaka huohuo Lambert alipata ajali ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ajali ya kwanza ya gari la petroli nchini Marekani. Akiwa na abiria wake James Swoveland, alipita juu ya mzizi wa mti uliotokeza barabarani. Gari lilimshinda, likaacha njia na kugonga nguzo ya kufungia farasi. Wote wawili walipata majeraha madogo tu.

Kwa kuwa gari halikuuzika, Lambert aliweka kando mpango wa kulitengeneza kwa wingi na kugeukia injini zisizohama, za kuendesha pampu na mashine za karakana. Biashara hiyo ilistawi. Kiwanda cha familia, Buckeye Manufacturing Company, kilihamishiwa Anderson, jimbo la Indiana. Sehemu ile ya Indiana ilikuwa imegunduliwa gesi asilia nyingi na kuvutia viwanda vingi katika miaka hiyo.

Mtambo wa msuguano

Tatizo la gia za wakati huo

Injini ya petroli haina nguvu inapozunguka polepole, na haiwezi kuanza kazi ikiwa imebebeshwa mzigo. Kwa hiyo kati ya injini na magurudumu lazima pawe na kitu cha kupunguza mwendo wakati wa kuondoka au kupanda mlima, na kuuongeza njia ikiwa tambarare.

Watengenezaji wengi walitumia giaboksi zenye gia za meno zilizosogezwa ili ziumane. Katika magari ya mwanzo kazi hiyo ilikuwa ngumu. Dereva alipaswa kukisia mwendo wa gia zote mbili kabla ya kuziunganisha. Akikosea, meno yalisagana kwa kelele, na mara nyingine yalivunjika. Kwa mtu aliyezoea hatamu za farasi, kubadilisha gia lilikuwa jambo la kuogofya.

Jinsi unavyofanya kazi

Lambert aliondoa meno yote. Mwisho wa shafti ya injini alifunga diski kubwa bapa yenye uso wa alumini. Mbele ya uso huo, kwenye shafti iliyolala kukingama, aliweka gurudumu lililovishwa ukingoni pete ya karatasi ngumu iliyoshindiliwa. Ukingo wa gurudumu ukigandamizwa kwenye uso wa diski, msuguano hulizungusha. Kutoka kwenye shafti hiyo mnyororo hupeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma.

Gurudumu hilo huweza kusogezwa kwa mkono wa chuma, kutoka katikati ya diski hadi pembeni. Hapo ndipo mwendo unapobadilika. Sehemu ya diski iliyo karibu na kitovu huzunguka duara dogo, na iliyo pembeni huzunguka duara kubwa kwa muda uleule. Kwa mfano, diski ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, na gurudumu likiwa na nusu kipenyo cha sentimita 25, hali huwa hivi:

- gurudumu likigusa sentimita 5 kutoka kitovuni, huzunguka mara 200 kwa dakika, lakini kwa nguvu kubwa ya kuzungusha;
- likigusa sentimita 12.5 kutoka kitovuni, huzunguka mara 500;
- likigusa sentimita 25 kutoka kitovuni, huzunguka mara 1,000, sawa na injini;
- likiwa katikati kabisa, halipati mzunguko;
- likivuka kitovu kwenda upande wa pili, huzunguka kinyume, na gari hurudi nyuma.

Hivyo sehemu hizo mbili zilifanya kazi ya gia zote za mbele, gia ya kurudi nyuma na klachi. Dereva alipoachia mgandamizo, gurudumu liliachana na diski na gari halikuvutwa tena. Tena mwendo haukuwa wa ngazi mbili au tatu tu. Kati ya polepole kabisa na kasi kabisa palikuwa na mwendo wowote alioutaka. Pete ya karatasi ilipolika ilitolewa na kuwekwa mpya kwa gharama ndogo, kazi iliyowezekana hata mbali na mji.

Udhaifu wake

Mtambo huu ulikuwa na mipaka yake. Nguvu inayoweza kupita hutegemea mgandamizo na ukavu wa nyuso zinazogusana. Maji au mafuta yakiingia, gurudumu huteleza. Jambo hili linajulikana kwa kila mwendesha mashine ya kukoboa mpunga, kama zile zinazohudumia wakulima wa Kibiti na delta ya Mto Rufiji: mkanda ukilowa mafuta, injini huendelea kunguruma lakini mpunga haukoboleki.

Udhaifu wa pili unatokana na umbo lenyewe. Ukingo wa gurudumu una upana, kwa hiyo upande wake mmoja hugusa duara kubwa kidogo kuliko upande mwingine. Pande hizo haziwezi kwenda sawa, na tofauti hiyo huila pete kila wakati. Vilevile, gari likikwama kwenye matope na dereva akizidi kugandamiza, diski husaga sehemu moja tu ya pete na kuacha bapa. Baada ya hapo gari hutikisika kila gurudumu linapomaliza mzunguko.

Kiwanda cha magari

Mwaka 1902 Lambert alirudi kwenye magari. Gari lake la kwanza kuuzwa kwa wingi liliitwa Union, kwa jina la mji wa Union City lilikotengenezwa, na lilitumia mtambo wa msuguano tangu mwanzo. Baadaye kazi yote ilikusanywa Anderson, na magari yaliyofuata yakaitwa Lambert. Kiwanda kilitengeneza pia malori na matrekta yenye mtambo huohuo.

Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Byron Carter wa Michigan aliunda Cartercar, gari jingine lililosifiwa kwa kukosa gia. Carter alifariki mwaka 1908, na mwaka uliofuata kampuni yake ilinunuliwa na General Motors. Nchini Uingereza kampuni ya GWK ilianza kuunda magari madogo ya msuguano mwaka 1911.

Hata hivyo upepo uligeuka. Injini ziliongezewa silinda na nguvu, na diski hazikuweza kuzihimili bila kuteleza. Vyuma vya gia vikawa bora na meno hayakuvunjika ovyo. General Motors iliacha kutengeneza Cartercar mwaka 1915. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, kiwanda cha Lambert kilishughulikia vifaa vya kijeshi. Vita vilipokwisha hakurudi tena kwenye magari, kwa kuwa soko lilikuwa limeshikwa na kampuni kubwa zilizouza kwa bei ya chini.

Nani alikuwa wa kwanza?

Kwa miaka mingi vitabu vya shule nchini Marekani vilitaja majina mengine. Ndugu Charles na Frank Duryea waliendesha gari lao Springfield, Massachusetts, mwaka 1893. Elwood Haynes aliendesha lake karibu na Kokomo, Indiana, tarehe 4 Julai 1894, kisha akalitangaza kuwa gari la kwanza la Marekani.

Lambert alikuwa ametangulia kwa miaka mitatu. Haynes, aliyemfahamu, alijua hivyo na akamwomba asiyapinge matangazo hayo. Lambert alikubali, naye alitimiza ahadi yake. Gari la mwaka 1891 halikuuzika, na pengine hakuona faida ya kugombea jina lake. Kwa upande wa Haynes, dai hilo lilikuwa sehemu ya biashara yenyewe.

Lambert alifariki Anderson tarehe 20 Mei 1952, akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka 1960, miaka minane baada ya kifo chake, mtafiti L. Scott Bailey alichapisha katika jarida la Antique Automobile ushahidi alioukusanya kuhusu gari la Ohio City. Tangu hapo jina la Lambert limetajwa mara kwa mara katika historia ya magari. Ubishi haujaisha, kwa kuwa wapo wengine wanaotajwa kuwa walitangulia, lakini ushahidi wa Lambert huhesabiwa kuwa miongoni mwa ulio imara zaidi.

Urithi

Lambert hutajwa kuwa na hataza zaidi ya 600, nyingi zikihusu magari. Mtambo wake haukuendelea kama ulivyokuwa, lakini wazo la kubadilisha mwendo bila ngazi halikufa. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari dogo lililotumia mikanda na puli zinazopanuka na kubana. Baadaye mikanda ya mpira ilifuatwa na ya chuma, na mitambo hiyo ikaenea kwa jina la CVT, hasa katika magari ya Japani. Mwaka 1999 Nissan ilitoa hata giaboksi iliyotumia diski na roli zinazogusana, karibu sana na wazo la awali.

Katika Afrika Mashariki magari yalikuwa nadra mno wakati kiwanda cha Anderson kikifanya kazi. Safari ya kwanza ya kuvuka Afrika kwa gari, iliyoongozwa na Mjerumani Paul Graetz, iliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Upande wa kusini, magari yalitegemea kivuko kuvuka Mto Rufiji hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Leo miongoni mwa magari madogo kutoka Japani yanayotumika nchini Tanzania yapo mengi yenye CVT. Dereva anayekanyaga mafuta na kuona gari likiongeza mwendo bila kushtuka wala kubadili gia anapata kile ambacho Lambert aliwauzia wateja wake kwa diski ya alumini na pete ya karatasi.