Pio Gama Pinto na Mwamba Ngoma

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi ukashika njia ya magharibi, utafika Westlands, na huko utakuta barabara iitwayo kwa jina la Pio Gama Pinto. Wapitao hapo kila siku ni maelfu. Wanaojua mwenye jina alikuwa nani ni wachache, na hao wachache aghalabu humkumbuka kwa jinsi alivyokufa. Lakini msomaji, maisha ya mtu huyu yana funzo kwetu sisi tununuao gazeti kila asubuhi. Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Pinto aliishi akiulizia nani aambaye ngoma.

Alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi, 1927, kwa wazazi Wagoa. Watu wa Pwani hawana haja ya kuelezwa Goa ni mahali gani. Huko ndiko kulikokuwa makao makuu ya Wareno upande huu wa bahari, na ndiko zilikotoka amri za kuitawala Mombasa siku za Ngome ya Yesu. Sisi tuliwatoa Wareno ngomeni mwaka 1698. Goa ilibaki mikononi mwao kwa zaidi ya miaka 450.

Akiwa mtoto wa miaka minane alipelekwa Bara Hindi kusoma. Alipokuwa kijana alijiunga na wale waliotaka Mreno aondoke Goa, na serikali ya Kireno ikaanza kumtafuta. Mwaka 1949 akarejea Kenya. Hapo alishika kazi za ukarani, kisha akaingia katika siasa za chama cha Wahindi na katika uandishi, akifanya kazi na magazeti ya Colonial Times na Daily Chronicle.

Siku hizo gazeti kubwa la nchi lilikuwa East African Standard. Ajabu ya mambo, gazeti hilo lilizaliwa Mombasa mwaka 1902, likianzishwa na tajiri wa Kihindi Mwislamu, A. M. Jeevanjee. Mwaka 1905 aliwauzia Wazungu, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Tangu hapo ngozi ikavutwa upande wa walowezi. Vita vya Mau Mau vilipozuka, msomaji wa gazeti hilo alisoma habari za wauaji na washenzi. Habari za ardhi iliyonyang'anywa alizisoma kwa nadra. Pinto alikuwa akiwasaidia wapiganaji na jamaa zao kwa siri, na alijua kuwa jina apewalo mtu gazetini ndilo litakaloamua kama atahurumiwa au atanyongwa.

Alilipia ujuzi huo. Mwezi Juni 1954, miezi mitano tu baada ya kumwoa Bi. Emma, alikamatwa. Alifungwa bila ya hukumu katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, pamoja na mahabusu wa Mau Mau. Alikaa huko miaka kama minne, kisha akawekewa mipaka Kabarnet hadi 1959.

Alipofunguliwa hakupumzika. Mwaka 1960 alianzisha Sauti Kanu, na baadaye akaliongoza shirika la Pan African Press, lililotoa miongoni mwa magazeti yake Sauti ya Mwafrika. Mtambo wa kuchapa haununuliwi kwa shairi; msaada wa fedha ulitoka kwa Waziri Mkuu Nehru wa India. Hapa ndipo penye fundo. Mtu aliyewalaumu wenye magazeti kwa kutumikia maslahi ya kigeni alilazimika naye kunyoosha mkono ng'ambo. Watetezi wake husema Mwafrika hakuwa na njia nyingine. Wapinzani wake husema India nayo ilikuwa na shauri lake. Wote wana hoja, na haifai kulifunika jambo hilo kwa mapenzi.

Desemba 1961 jeshi la India liliingia Goa. Katika Baraza la Usalama, Uingereza na Marekani zilikuwa upande wa kuilaumu India, na Urusi ikazuia azimio kwa kura yake ya turufu. Tukio lilikuwa moja: Lisbon waliliita uvamizi, Delhi wakaliita ukombozi. Pinto alikuwa na wale wa pili.

Baada ya hapo macho yake yaliwaelekea majirani. Mwaka 1963 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Afrika Mashariki, na mwezi Julai 1964 akawa mbunge mjini Nairobi. Wakati huo serikali mpya ilikuwa vitani kaskazini mashariki, mpakani na Somalia. Neno shifta, yaani jambazi, lilitoka serikalini likaingia magazetini, na baada ya muda mfupi Msomali yeyote, hata mchungaji asiye na silaha, likamganda. Vita hivyo vilitulizwa kwa mapatano ya Arusha mwezi Oktoba 1967, ila neno halikutulia. Mkoloni alikuwa ameondoka. Ile desturi yake ya kumpa jirani jina baya kwa maslahi ya taifa ilibaki.

Pinto hakuuona mwisho wa vita hivyo. Asubuhi ya tarehe 24 Februari, 1965, alipigwa risasi langoni mwa nyumba yake Westlands, bintiye mdogo akiwa ndani ya gari. Alikuwa na miaka 37. Kijana mmoja alihukumiwa kifo, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 2001. Waliomtuma muuaji hawakufikishwa mahakamani. Septemba 1965, huko Santiago, Chile, Bi. Emma alipokea nishani ya waandishi wa habari wa kimataifa kwa niaba ya marehemu.

Kaburi lake liko City Park, na rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kisha Makamu wa Rais, alizikwa karibu naye mwaka 1990. Nasi tulio hai, tukisoma kesho habari mbaya za jirani yetu, tusiache kuangalia ngozi ya ngoma imevutwa upande gani.