Mtakatifu Ambrosi, Mchungaji Asiyeutafuta Uchungaji

Katika siku hizi za Jubile twamshukuru Mungu kwa ajili ya wote waliolichunga kundi hili. Walikuja, tukawazoea, wakahamishwa; nasi mara nyingi tuliwalilia waliokwenda, tukawapokea kwa moyo mzito waliowafuata. Kwa hiyo tumeona vema kueleza hapa maisha ya Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano, ambamo twaona wazi namna Mungu achaguavyo, aongozavyo na abadilishavyo wachungaji wa Eklezya yake.

Ambrosi alizaliwa karibu na mwaka 340 katika mji wa Trier, ambako baba yake alikuwa mtawala mkubwa chini ya Kaisari wa Roma. Baba alipofariki, mama alirudi Roma pamoja na watoto. Dada yake Marselina alijitoa kwa Mungu katika ubikira; Ambrosi alijifunza sheria, kisha akawekwa liwali wa sehemu ya kaskazini ya Italia, akikaa Milano. Alikuwa mtu wa haki, lakini hakuwaza kuwa padri. Hata ubatizo alikuwa hajaupata. Alikuwa mkatekumeni tu.

Mwaka 374 alifariki Auksensi, askofu wa Milano, aliyefuata mafundisho ya Ario, yaani ya wale waliokana ya kuwa Yezu Kristu ni Mungu sawa na Baba. Wakristu wakagawanyika: hawa walitaka Mwario mwingine, wale walitaka Mkatoliki. Ambrosi aliingia kanisani kutuliza watu, kama ilivyompasa liwali. Hapo, kama isimuliwavyo tangu kale, sauti ya mtoto ilimtaja kuwa askofu, na pande zote mbili zikaitika. Yeye alikataa. Alitoroka usiku, akapotea njia, na asubuhi akajikuta mbele ya lango la mji uleule. Kaisari Valentiniano alikubali uchaguzi. Ambrosi akabatizwa, na baada ya siku chache tu, tarehe 7 Desemba 374, akawekwa wakfu.

Sasa alipaswa kufundisha yale ambayo mwenyewe alikuwa hajajifunza. Aligawa mali yake, akakaa kama mwanafunzi mbele ya padri mmoja mwenye hekima, jina lake Simplisiani. Askofu hakuona haya kufundishwa na padri.

Mungu akamwongoza katika taabu nyingi. Mwaka 386 mama wa Kaisari, Yustina, alitaka kanisa moja litolewe kwa Waario. Ambrosi alikaa ndani pamoja na watu wake, akiwafundisha kuimba zaburi na nyimbo usiku kucha. Aliyeyusha vyombo vitakatifu ili kukomboa mateka. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387 alimbatiza Augustino, mwana wa Afrika. Na mwaka 390, Kaisari Theodosio alipoamuru kisasi na maelfu ya watu wakauawa Thesalonike, Ambrosi alimwandikia akimwita atubu, wala hakukubali kutolea Misa mbele yake. Kaisari alivua mavazi ya kifalme, akalilia dhambi yake kanisani mbele ya watu wote. Hivyo ilijulikana kwamba anayewaongoza wengine naye yuko chini ya sheria ya Mungu.

Ambrosi alipokuwa mahututi, mashemasi walinong'ona mbali naye juu ya atakayemfuata, wakamtaja Simplisiani. Mgonjwa akawasikia, akaitika mara tatu kwamba ni mzee, lakini ni mwema. Alifariki tarehe 4 Aprili 397, Jumamosi Takatifu. Na yule mwalimu mzee akakaa katika kiti cha mwanafunzi wake.

Katika nchi yetu pia Mungu amejichagulia wachungaji kati ya watu wasiotazamiwa. Tarehe 21 Julai 1917, kule Baudouinville, kando ya ziwa Tanganika, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati zetu. Na baada yake wengine wengi.

Basi, ndugu wapendwa, paroko akihamishwa, tusiseme kwamba parokia imekufa. Anayekuja akiwa kijana, tumsaidie kujifunza. Akiwa mzee, tusimdharau. Akikosa, tumwonye kwa upendo na ukweli. Mchungaji mkuu ni Kristu, naye hahamishwi. Mtakatifu Ambrosi, utuombee.