Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi

Katika skuli za sekondari za Meru na Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, vijana wa kidato cha nne kila mwaka husimama mbele ya meza ya maabara katika mtihani wa kemia. Kijana huvuta kwa pipeti sentimita 25 za ujazo za maji ya alikali, akayatia katika chupa, akayadondoshea dawa ya kuonyesha rangi, nayo yakageuka rangi ya waridi. Kisha hufungua bureti yenye tindikali ya hidrokloriki, tone baada ya tone, mpaka rangi ile itoweke. Hapo hufunga upesi na kusoma kipimo. Ikiwa nguvu ya tindikali ni moli 0.1 kwa lita, na zimeingia sentimita 20, basi alikali ile ni ya moli 0.08 kwa lita. Na ikiwa ni hidroksidi ya sodiamu, ambayo moli yake moja ni gramu 40, hujulikana kuwa katika kila lita mna gramu 3.2. Hivyo jambo lililokuwa limefichika ndani ya maji yasiyo na rangi hudhihirika kwa hesabu.

Wako Waislamu wengi, huko bara na huku kwetu pwani, wadhanio kuwa ilimu hii ni ya watu wengine, nasi tumeipokea kwao kama wageni. Na hali neno lenyewe alikali ni la Kiarabu, al-qali, nalo ni jivu la mimea ya nchi za chumvi. Kwa hiyo tumeona inafaa kuwakumbusha ndugu zetu maisha ya mtu mmoja aliyelijua jivu hilo kwa mikono yake.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya alizaliwa mwaka 251 Hijria, sawa na 865 Miladia, katika mji wa Rayy, karibu na ulipo Tehran leo, na kwa mji huo akaitwa ar-Razi. Wazungu walimwita Rhazes. Yasimuliwa kuwa ujanani alipenda kupiga udi, kisha akaingia katika kazi ya kemia, na utabibu hakuushika ila alipokuwa mtu mzima. Haya ni mazingatio kwa wale wasemao kuwa wakati wa kusoma umewapita. Alisoma mpaka akawa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha akasimamia hospitali ya Baghdad.

Katika kemia kitabu chake kijulikanacho zaidi ni Kitab al-Asrar. Alikigawa mafungu matatu: kuvijua vitu, kuvijua vyombo, na kuzijua kazi zenyewe. Vitu alivipanga kuwa vya wanyama, vya mimea na vya madini, na madini akayapanga tena kwa tabia zake. Alieleza tanuu, mitungi, na chombo cha kukeneka kiitwacho anbiq. Alieleza pia jinsi ya kutengeneza maji makali kwa kuchanganya al-qali na chokaa mbichi. Wazee wetu wa pwani waliochoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea wangalimfahamu mara moja, kwani chokaa ni ile ile, na ukali wake kwenye ngozi ni ule ule. Tindikali kali za madini hazikujulikana wazi ila baada ya zama zake, na majina ya bureti na pipeti yalitumiwa na Gay-Lussac, Mfaransa, mwaka 1824. Lakini kupanga vitu, kutaja chombo, na kueleza kazi ili mwingine aweze kuirudia, huo ndio msingi ambao bureti imesimama juu yake.

Ar-Razi hakusalimika na makosa ya zama zake. Aliamini kuwa madini duni yaweza kugeuzwa dhahabu, akaandika kumpinga al-Kindi aliyelikanusha jambo hilo. Na haki ilikuwa kwa al-Kindi.

Katika tiba alifuata njia ile ile ya kujaribu. Alitenga wagonjwa wa homa ya ubongo, wengine akawatoa damu na wengine akawaacha kwa makusudi, apate kulinganisha. Aliandika risala ya kupambanua ndui na surua, magonjwa ambayo watu walikuwa wakiyachanganya. Maandishi yake ya tiba yalikusanywa baada ya kufa kwake katika kitabu kikubwa cha al-Hawi, kilichotafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa Ulaya kwa karne nyingi. Al-Biruni aliorodhesha vitabu na risala zake, vikapata 184.

Hatutaki kumficha msomaji lililo baya. Katika falsafa, ar-Razi amenasibishwa na maneno juu ya utume ambayo wanazuoni waliyakataa, na Abu Hatim ar-Razi, mtu wa zama zake, aliandika kitabu kumrudi. Wako wasemao kuwa maneno hayo yalizidishwa na mahasimu. Kwa vyovyote, kosa la itikadi halikibatilishi kipimo kilicho sahihi, wala usahihi wa kipimo hauhalalishi kosa la itikadi. Vile vile yasimuliwa kuwa alitundika nyama sehemu mbalimbali za Baghdad ili achague mahali pa kujenga hospitali ya Adhud ad-Daula. Lakini hospitali hiyo ilifunguliwa zaidi ya miaka 50 baada ya kufa kwake. Mapenzi yetu kwa mtu yasitufanye tupokee kila khabari bila ya kuipima.

Mwisho wa umri wake macho yake yaliingia maji akapofuka, na alifariki Rayy mwaka 313 Hijria, sawa na 925.

Enyi ndugu, huko Meru na Embu udongo mwekundu uliotokana na mawe ya volkano huoshwa na mvua nyingi, ikaondoka chokaa yake, ukawa na asidi. Majani ya chai huipenda hali hiyo, lakini mahindi huipata taabu: asidi ikizidi, aluminiamu hudhuru mizizi, na fosforasi ya mbolea hufungwa na udongo. Mkulima hutia mbolea kwa fedha ya mkopo, na shamba lisimpe kitu. Dawa yake ni kuupima udongo kwanza, kisha kutia chokaa kwa kadiri. Baina ya mkulima huyo na njaa yuko mtu mmoja tu, naye ni yule kijana aliyejifunza kuhesabu matone.

Basi mzazi amwambiaye mwanawe kuwa kemia haina faida kwa Mwislamu, naajiulize ni nani atakayewapimia watu udongo wao, maji yao na dawa zao. Mababa zetu katika ilimu walilichoma jivu wakaliandikia kitabu. Sisi tusitosheke na kujifakhirisha kwa jina lake, na bureti ikabaki mikononi mwa wengine.