Mwalimu Julius Nyerere na Shule ya Kijiji

Ndugu wakatekumeni, Butiama ni kijiji cha Wazanaki, mashariki ya ziwa Nyanza, katika nchi ya Tanzania. Huko alizaliwa Kambarage mwaka 1922, mwana wa mtemi Nyerere Burito. Aliingia shule Musoma akiwa na miaka 12. Alijifunza dini kama mjifunzavyo ninyi, akabatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1943, akaitwa Julius. Alisoma Makerere, akafundisha Tabora katika shule ya Mt. Maria, akaenda Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha ualimu kwa ajili ya siasa. Lakini hata alipokuwa rais, watu walizidi kumwita Mwalimu.

Shule alizozikuta ziliwachuja watoto kama unga: wachache walipanda juu, wengine wote walirudi kijijini wakiliona jembe kuwa aibu. Nasi wa Maniema, nani hajamwona kijana aliyerudi kutoka Kindu na karatasi yake, asijue la kufanya? Basi mwaka 1967 Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washauriane na walimu wapande nini na mapato yatumiweje, wala si kulima kwa amri tu. Alitaka masomo ya shule ya msingi yamfae yule atakayebaki kijijini, maana hao ndio wengi, wala mtihani usiwe bwana wa shule.

Wazee nao hawakuachwa. Pande za Mwanza, mkulima wa pamba alijifunza herufi katika kitabu cha pamba, mvuvi katika kitabu cha uvuvi. Mwaka 1967 wasiojua kusoma walikuwa karibu 70 katika kila watu wazima 100. Mwaka 1975 walikuwa 39.

Yote hayakwenda vema. Mahali pengine shamba la shule liligeuzwa kuwa adhabu, wazazi wakanung'unika. Mwaka 1974 chama chake kiliamua kwamba kufikia 1977 watoto wote wawe shuleni. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa kazi huko huko vijijini. Madarasa yalijaa, vitabu vikapungua. Kwangu mimi, heri darasa lililojaa kuliko mtoto aliyeachwa nje. Lakini mzazi ambaye mwanawe alimaliza asijue kusoma vizuri angenijibu vingine, na haki anayo.

Aliacha urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima shamba lake. Alikufa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa katika kijiji kile kile alimozaliwa.