Otto Binder, mwandishi wa mashujaa waliokuwa mali ya wengine

Mwaka 1967 kampuni ya uchapishaji ya Bantam nchini Marekani ilitoa kitabu chembamba chenye jalada laini, The Avengers Battle the Earth-Wrecker. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza iliyowahusu mashujaa wa katuni za kampuni ya Marvel. Aliyekiandika, Otto Binder, hakuwa amewabuni mashujaa hao, wala hakuwa na haki miliki juu yao. Kuwapa uhai wahusika waliomilikiwa na wengine ndiyo kazi iliyomlisha kwa sehemu kubwa ya maisha yake.

Binder alizaliwa tarehe 26 Agosti 1911 katika mji wa Bessemer, jimbo la Michigan, akiwa kitinda mimba wa watoto sita wa familia iliyohamia kutoka Austria. Alikulia Chicago, na huko alianza kuandika hadithi za kubuni za kisayansi pamoja na kaka yake Earl. Hadithi yao ya kwanza ilichapishwa mwaka 1932. Ndugu hao walitumia jina moja la Eando, lililounganisha herufi za kwanza za majina yao, na Otto aliendelea kulitumia hata alipokuwa akiandika peke yake. Mwaka 1939 alitoa I, Robot, hadithi ya roboti anayesimulia maisha yake mwenyewe. Mwaka 1950 mchapishaji alikipa kitabu cha Isaac Asimov jina hilo hilo, na wasomaji wengi wa leo hulijua kwa kitabu hicho.

Kuanzia mwaka 1941 Binder aliiandikia kampuni ya Fawcett visa vya Captain Marvel. Kati ya visa 1,743 vya shujaa huyo na jamaa zake, 986 vilitoka mikononi mwake. Umaarufu wa shujaa huyo uliwahi kumpita hata Superman kwa mauzo, lakini wamiliki wa Superman walifungua kesi wakidai kwamba ameigwa. Mgogoro huo ulidumu miaka mingi, na mwaka 1953 Fawcett ikaacha kuchapisha katuni za mashujaa. Binder alipoteza chanzo chake kikuu cha riziki. Alihamia upande wa pili, kwa wamiliki wale wale wa Superman, na mwaka 1959 akaandika kisa kilichomtambulisha Supergirl. Kwa desturi ya wakati huo, mwandishi alilipwa kwa idadi ya kurasa, na wahusika aliowabuni wakabaki mali ya kampuni.

Riwaya ya mwaka 1967 ilimtaka afanye kazi ya namna nyingine. Katika katuni, mwandishi hutunga mazungumzo na kumwachia mchoraji sura, mavazi na mapigano. Katika riwaya hakuna mchoraji. Msomaji anayewajua Iron Man na Captain America kwa rangi zao hana budi kuwaona kwa maneno matupu. Tena mwandishi hana uhuru wa kumuua shujaa wala kumbadilisha tabia, kwa kuwa mwenye mali anamhitaji katika toleo la mwezi ujao. Njia iliyobaki ni kumleta adui mgeni, na Binder alimleta mmoja kutoka zama zijazo, aliyekusudia kuiangamiza dunia.

Mwaka huo huo, mwezi Machi, binti yake wa pekee aliyekuwa na umri wa miaka 14 aligongwa na gari na kufariki dunia. Binder na mkewe hawakupona jeraha hilo. Baadaye waliondoka New Jersey wakahamia Chestertown, jimbo la New York, na huko Binder alifariki tarehe 13 Oktoba 1974, akiwa na umri wa miaka 63.

Riwaya za aina hiyo hazikuanza naye, kwani George Lowther alikwisha kuandika ya Superman mwaka 1942. Wala hazikuishia kwake: mwaka 1968 Bantam ilitoa ya Captain America iliyoandikwa na Ted White, na mwaka 1978 kampuni ya Pocket Books ilianzisha mfululizo mzima kwa riwaya ya Spider-Man. Supergirl naye bado anaigizwa katika filamu na televisheni, na watazamaji wake wengi hawajapata kulisikia jina la Otto Binder.